Seli Haivai Njuga

Asubuhi ya Iddi ya Mfunguo Tatu, Moa. Mbuzi keshachunwa, kina mama wamezunguka beseni la utumbo, na sisi wengine tuko barazani na kahawa. Jirani kaja na karatasi ya majibu ya kinyama alichokatwa: "Ki-67, asilimia 20," yaani sehemu ya seli zenye alama ya kujigawa. Kwa kuwa kazi yangu ni ya maabara, nikapewa niisome. Kabla sijafungua kinywa, kila mtu alikuwa na lake.

Mzee mmoja akaanza: mtu mzima hakui tena, seli zake zigawanyike kwa kazi gani? Shikamoo yako, mzee, lakini jibu limo kwenye beseni lile. Ule utando laini wa ndani ya utumbo, ambao kina mama wanaukwangua kwa maji ya moto, katika mnyama mzima hubadilika karibu wote kila baada ya siku 3 hadi 5. Seli mpya huzaliwa kwenye vishimo vya chini, husukumwa juu, kisha hupukutika. Damu nayo ni hivyo hivyo: chembe nyekundu ya binadamu huishi siku 120 hivi, na uboho hulazimika kutoa takriban milioni 2 kila sekunde kufidia. Kutorefuka si kusimama.

Basi, akadakia mwingine, si ziwekwe tu chini ya hadubini zionekane? Zipo zinazoonekana, ila ni chache. Seli ya mwili wetu inayojiandaa kugawanyika huchukua takriban siku nzima au zaidi, na kule kupasuka kwenyewe, kromosomu zikiwa zimejipanga waziwazi, ni kama saa moja tu. Anayetaka kuhesabu wavuvi wa Moa kwa kwenda pwani saa moja ya asubuhi ataona ngalawa zinazoingia wakati huo. Walioko baharini hatawaona. Tena seli inayokufa husinyaa kiini kikawa cheusi tii, na anayejifunza huihesabu kuwa inagawanyika. Kinyama kikicheleweshwa kutiwa formalini, katika joto letu hili, ndiyo mambo huharibika kabisa.

Kwa hiyo tunatumia alama. Ki-67 ilipatikana mjini Kiel, Ujerumani, na Johannes Gerdes na wenzake wakaitangaza mwaka 1983. "Ki" ni Kiel. Ni kingamwili inayoshika protini iliyomo kwenye seli iliyo katika mzunguko wa kujigawa, na isiyokuwemo kwenye seli iliyopumzika. Hapo ndipo lilipotoka dai lililonikera: "Ki-67 ni kipimo cha saratani." Hapana. Maabara huweka kipande cha tezi la koo kisicho na saratani pembeni ili kuthibitisha kwamba rangi imeshika, nacho hutoka na madoa ya kahawia tele. Alama inasema mvuvi huyu kashaingia baharini. Haisemi karudi na samaki.

Kijana wa chuo akaleta hoja nzito: seli ikinakili DNA yake, si lazima iwe mbili? Si lazima, mdogo wangu. Seli za ini hunakili zikabaki moja yenye viini viwili, na za moyo nazo hufanya hivyo. Alama nyingine, BrdU, iliyopata kingamwili yake mwaka 1982, huonyesha kunakili tu. Kuhusu moyo ilibidi kupita njia ya kushangaza: majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanywa hewani kwa wingi hadi mwaka 1963 yalijaza anga kaboni-14, ikaingia kwenye vyakula na kwenye DNA za watu. Mwaka 2009 kundi la Jonas Frisén, Sweden, liliisoma kama mhuri wa tarehe: misuli ya moyo hujibadilisha kwa asilimia 1 hivi kwa mwaka ukiwa na miaka 25, na chini ya nusu ya hiyo ukifika 75.

Lililobaki lilisemwa kwa sauti ya chini: zikigawanyika haraka, mgonjwa hana maisha. Hilo nalo si lazima. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa saratani kwenye taya za watoto. Mwaka 1961, Tanganyika ikielekea uhuru, yeye na wenzake wawili walizunguka maili kama 10,000 kwa gari wakiulizia uvimbe huo hospitali kwa hospitali, wakaona unafuata nchi za joto na mvua, mkia wake ukiteremka pwani yetu hadi Msumbiji. Katika ugonjwa huo Ki-67 hukaribia asilimia 100. Na bado, miaka ile ya 1960, baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache za dawa moja, kwa sababu dawa za aina hiyo huziwinda hasa seli zilizo mbioni.

Nikamgeukia mwenye karatasi. Asilimia 20 ya utumbo ni habari moja, ya titi nyingine, ya ubongo nyingine kabisa. Nyama ilikatwa wapi? Akaigeuza: ulikuwa ukurasa wa pili. Wa kwanza, wenye jina la kiungo, umebaki chini ya godoro. Kijana akatumwa akaulete.