Mtutu mmoja unatutosha

Mahindi yanakaribia kukomaa, na mazungumzo ya kalibre 12 yamerudi kwenye koperative. Vijana wanataka mitutu miwili, juu nguruwe wa pori haji peke yake. Ni kweli. Lakini sisi tunapenda ya mtutu mmoja, ile inafunguka katikati. Ukiifungua, kila mtu anaona kama kartushi imo ama haimo, hata usiku na tochi. Na nyumbani kuna watoto. Tena ni nyepesi.

Muangalie kitako pia. Kikiwa kirefu kinakwama kwapani. Kikiwa kifupi, kidole gumba chako mwenyewe kinakupiga puani. Ya kaka yako mrefu haitakufaa. Ijaribu begani, bila kartushi, mbele ya kutoa pesa. Na permi iandikwe jina lako, si la jirani.