Mafuriko Dar es Salaam: Mkopo Huchimba Mtaro, Nani Atausafisha?

Kila zinapoanza mvua za masika, sisi wa Unguja na Pemba hupiga simu kuwaulizia jamaa zetu walioko Temeke, Mbagala na Kinondoni. Ni nadra kuuliza swali jengine: fedha za kuwakinga na mafuriko hutoka wapi?

Sehemu kubwa ni mikopo. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 kwa mradi wa DMDP, uliojenga barabara na mitaro Kinondoni, Ilala na Temeke, ukiwemo mfereji wa Mto Ng'ombe unaopita Sinza na Tandale. Mwaka 2022 ukafuata mradi wa Bonde la Msimbazi wa dola milioni 260: milioni 200 ni mkopo wa Benki ya Dunia, milioni 30 mkopo wa Uhispania na milioni 30 msaada wa Uholanzi. Ndani yake mna daraja jipya la Jangwani, kuhamishwa wakaazi wa bondeni, na bustani kubwa ambayo maji yataweza kutandaa bila ya kuingia majumbani.

Lakini mkopo huisha pamoja na ujenzi. Mchanga na plastiki hurudi mtaroni kila mwaka, na kuuzoa kunataka fedha za kila mwaka. Mji wa Philadelphia, Marekani, tangu 2010 huwatoza wenye majengo ya biashara kwa kupima eneo lililofunikwa na paa, saruji na lami. Anayeacha ardhi inywe maji hupunguziwa. Uadilifu wake uko wazi: anayemsukumia jirani maji achangie, na fiqhi yetu inataka madhara yaondoshwe.

Sisi pia tunayo njia: wakfu. Sayyidna Uthman (r.a.) alinunua kisima cha Ruma pale Madina akakitoa kwa ajili ya Waislamu. Paa la msikiti la mita za mraba 200 hupokea lita 2,000 kwa mvua ya milimita 10 tu. Wakfu mdogo wa tangi na mifereji ya paa ungeyafanya maji hayo kuwa ya udhu badala ya mafuriko, na ziada ikalipa vijana wa kusafisha mtaro wa mtaani. Hilo haliiondoshei Serikali wajibu wake.

Wala si la Dar es Salaam pekee. Watu wa Sebleni na Mwanakwerekwe wanaelewa. Kabla ya kusakafia ua mzima, tujiulize maji yetu yataingia kwa nani.

Wallaahu a'lam.