Ujuzi Kazini ni Amana

Ujuzi wa mfanyakazi ni uwezo wa kuifanya kazi yake sawasawa, leo na kesho, msimamizi akiwapo na asipokuwapo. Uwezo huo una mafungu matatu. La kwanza ni maarifa, yaani kuijua kazi pamoja na sababu zake. La pili ni ustadi wa mkono na jicho, ambao hupatikana kwa kurudia kazi ileile mara nyingi chini ya mtu aliyeizoea. La tatu ni mwenendo: kufika kwa wakati, kutunza vifaa, kusema kweli kazi inapoharibika. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Cheti kisicho na kazi nyuma yake ni nta hiyo: umbo lipo, utamu haupo.

Nafasi ya ujuzi kazini huonekana wazi penye zege. Mhandisi hupiga hesabu ya nguzo, fundi sanifu husoma mchoro na kusimamia vipimo, fundi mchundo husuka nondo na kufunga mbao, na saidia fundi huchanganya saruji, mchanga, kokoto na maji. Zege zito lina taabu kulimwaga. Saidia fundi ambaye hakufundishwa huongeza ndoo ya maji ili kazi iwe nyepesi. Maji yaliyozidi hayana kazi kwenye saruji. Hukauka na kuacha vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na nguzo hupungukiwa nguvu. Zege pia hutaka kumwagiliwa maji kwa siku saba au zaidi baada ya kushika, na nguvu yake kwa kawaida hupimwa likiwa na siku 28. Likiachwa juani bila maji tangu siku ya pili, haliwezi kufikia nguvu iliyokusudiwa. Hivyo miaka ya mhandisi chuoni hubatilishwa na ndoo moja ya mtu wa kipato cha chini kuliko wote pale. Wa kulaumiwa ni yule aliyempa koleo bila kumweleza maana ya kipimo, kwa kuwa hakuna kazi isiyotaka ujuzi, hata ile inayoitwa ya kibarua.

Kiwandani mambo ni hayohayo. Fundi mzoefu hupita kando ya mota, akasikia mlio uliobadilika, akajua kwamba beringi imeanza kuchoka. Ikibadilishwa jioni hiyo, gharama ni beringi moja na saa chache. Asipokuwapo mwenye sikio hilo, mashine huzima katikati ya zamu, watu wote hukaa bure, na mteja hutafuta kiwanda kingine. Ofisini nako, jalada lililowekwa mahali pasipo pake huweza kumchelewesha mjane kupata mirathi kwa miezi kadhaa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mshika daftari naye ni fundi wa kazi yake. Ujuzi ndio pia ngao ya mwili dhidi ya ajali. Ndiyo sababu Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania, ya mwaka 2003, humtaka mwajiri awape wafanyakazi mafunzo na maelekezo ya kuwalinda na hatari za kazi yao.

Njia ya kale ya kupata ujuzi ni uanagenzi. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta: hata kabla ya kushika nyundo alikuwa amekwisha kuujua moto, rangi ya chuma kilichoiva na subira ya kazi. Mafundi wa majahazi wa Lamu na Nungwi walirithishana kazi hivyohivyo kwa tezo na keekee, wakipima kwa jicho pasipo mchoro wa karatasi, na vyombo vyao vikastahimili bahari. Njia ya pili ni chuo. Tanzania iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, kwa sheria ya mwaka 1994, na mwanafunzi wake hupimwa kwa ngazi ya I hadi ya III. Kenya ina Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, inayosimamia mitihani ya ufundi ya daraja la III hadi la I.

Njia hizi mbili hazishindani. Chuo humpa mwanafunzi sababu za mambo, karakana humpa mkono. Kwa hiyo ni jambo la kusifiwa kwamba VETA humpima pia fundi aliyejifunzia gereji au kwenye majengo bila kupita chuoni, na akithibitika kuwa anaijua kazi hupewa cheti. Fundi wa namna hiyo aliye kazini miaka kumi bila karatasi asione haya kwenda kupimwa. Naye mwenye cheti asione haya kushika spana chini ya mzee asiye na cheti.

Wapo wanaoshikilia kwamba ujuzi hauzeeki, kwa hiyo aliyekwisha kujifunza amemaliza. Methali ni ya kweli, lakini maana yake si hiyo. Kisichozeeka ni msingi, yaani usahihi, subira na jicho la kupima. Vyombo vya kazi hubadilika. Katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, shehena iliyokuwa ikipakuliwa gunia kwa gunia mabegani mwa makuli sasa hushushwa kwa makasha na kreni. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilitumia injini za mvuke, kisha za dizeli. Na tangu katikati ya mwaka 2024 treni za umeme hukimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwenye reli mpya. Kila badiliko la namna hii huwagawa wafanyakazi mafungu mawili: waliokubali kuwa wanafunzi tena, na walioachwa kituoni.

Maradhi yanayoua ujuzi kazini ni matatu, na kila moja lina mwenyewe. La kwanza ni la mwajiri. Huogopa kumfundisha mtu kwa hofu kwamba akishajua atahamia kwa mwingine. Hofu hiyo haipimi upande wa pili: mtu asiyejua, akibaki, huharibu kila siku. Mtu aliyefundishwa huhama zaidi kwa sababu ya ujira mdogo na dharau kuliko kwa sababu ya mafunzo. Tena gharama ya mafunzo imekwisha kutoka mfukoni mwake. Nchini Tanzania, mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hutozwa asilimia fulani ya mishahara kwa ajili ya kuendeleza ufundi stadi. Nchini Kenya, mwajiri hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na anaweza kuomba arudishiwe gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Kulipa kisimani kisha kuwaacha watu na kiu ni hasara mara mbili.

La pili ni la mfanyakazi anayetafuta cheti badala ya ujuzi. Aprili 2017, uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma Tanzania ulitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Nyuma ya kila cheti cha namna hiyo yupo mwananchi aliyehudumiwa na mtu asiyestahili kiti chake, na yupo kijana aliyesoma kwa haki akakosa nafasi.

La tatu ni la fundi mkongwe anayeficha. Humwacha mwanafunzi ashike taa, lakini inapofika hatua yenye siri humtuma dukani. Hudhani analinda mkate wake. Siku akiugua, kazi husimama, na siku akifa, siri huzikwa naye. Yeye mwenyewe hakuzaliwa akijua, yupo aliyemfundisha.

Hapo ndipo wajibu wa kila mmoja ulipo. Mwajiri na atenge saa za mafunzo ndani ya saa za kazi, ampe kila mgeni mzoefu wa kumwongoza, na amlipe aliyeongeza ujuzi kwa kadiri alivyoongeza. Mfanyakazi na aulize asilolijua kabla ya kuharibu, akubali kukosolewa, na ajifunze chombo kipya kinapofika. Mkongwe na aseme yote anayoyajua angali na nguvu. Ujuzi ni amana iliyopokewa kutoka mikono ya waliotangulia, na mwenye amana hana budi kuifikisha kwa anayefuata ikiwa kamili.