Saumu Inayoanzia kwa Jirani

Malalamiko juu ya kodi ni ya namna mbili, nayo hayafai kuchanganywa. Liko lalamiko la bahili, ambaye hata angetozwa senti moja angenung'unika. Huyo tumwachie nafsi yake. Na liko lalamiko la raia anayekiri kwamba dola haiendeshwi kwa dua peke yake, na kwamba shule, barabara na zahanati zataka mali, lakini kila akiutazama mzigo jinsi ulivyogawanywa haoni insafu. Ghadhabu iliyozuka Kenya mwezi wa Juni 2024 ilikuwa ya namna hii ya pili, na wale waliodai kwamba vijana walioingia barabarani hawajui hesabu walikosea sana, maana hesabu ndiyo iliyowatoa majumbani.

Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulikusudia kuongeza mapato kwa shilingi bilioni 346. Ulitaka mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, mafuta ya kupikia ushuru wa asilimia 25, na kila gari asilimia 2.5 ya thamani yake kwa mwaka, isipungue shilingi 5,000 wala isizidi 100,000. Tusimame kidogo kwenye mipaka hiyo miwili. Mwenye kigari kikuukuu cha shilingi 100,000 angetoa 5,000, yaani asilimia 5 ya mali yake; na tajiri mwenye gari la milioni 20 angetoa 100,000, yaani nusu ya asilimia moja. Atakayeniambia kwamba huko ni kusaidiana mzigo, na aje na mizani yake tupime.

Ni kweli, tarehe 18 Juni kodi za mkate na magari ziliondolewa, ila imani ilikuwa imekwisha kutangulia kuondoka. Tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bungeni, risasi zikalia, na siku ya pili yake Rais Ruto akakataa kuutia mswada sahihi. Hadi kufika tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu maiti 39.

Husemwa kwamba deni ni kubwa, nami sikanushi. Mkopo wa dola bilioni 2 uliochukuliwa nje mwaka 2014 ulifikia ukomo wake mwezi huohuo wa Juni 2024. Lakini tarehe 5 Julai ilitangazwa kwamba mashirika 47 ya serikali yatavunjwa, na kwamba ofisi za wake wa Rais, wa Naibu wake na wa Mkuu wa Mawaziri hazitatengewa fedha tena. Alhamdulillahi, ila ikiwa hayo yaliwezekana Julai, kwa nini Mei ulifikiriwa mkate kwanza? Mtu hawatangazii jirani zake saumu ilhali harufu ya pilau inatoka uani mwake adhuhuri, kisha akastaajabu kwamba hawakumwitikia.

Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 kimeagiza kwamba mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Basi, enyi waheshimiwa wabunge, makadirio mengine yatakapowekwa mezani penu, yafungueni kwanza kwenye kurasa za posho zenu, magari yenu na safari zenu, na kalamu ikate huko kabla hamjaingia jikoni kwa mtu.