Muuguzi na msichana wa miaka 15

Katika miaka ya 1970, Mradi wa Kasongo nchini Kongo, ulioungwa mkono na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ulionyesha kwamba muuguzi wa kituo cha afya, akiwa na hospitali nyuma yake, anaweza kuhudumia umma vizuri. Zoni za afya za Kongo zinafuata wazo hilohilo.

Lakini je, muuguzi wa zoni ya Lusangi au Saramabila, kule Kabambare, amefundishwa kumpokea msichana wa miaka 15 mwenye maumivu ya tumbo la chini? Akimuuliza mbele ya foleni, "Mume wako nani?", msichana hatarudi. Klamidia, ugonjwa wa zinaa, kwa wanawake mara nyingi haina dalili, na ikiachwa huweza kuziba mirija ya uzazi. Na akipata mimba, uchungu wa kuzaa uliokwama huweza kuacha fistula.

Shule za uuguzi zipime somo la kumpokea msichana kama huyu kwa mtihani wa vitendo: faragha, maswali, dawa, matibabu ya mwenzi. Lisiwe somo la mahubiri; mahubiri yana kanisa na msikiti wake. Na msimamizi wa zoni anapokagua rejista, atazame pia kama chumba cha ushauri kina mlango unaofungika.