Pikapu iliyolala si mkosaji peke yake

KANDO YA LAMI
Na Wanjiku Mbugua

Kijana wa Ruiru akishusha pikapu yake mpaka tumbo likaribie lami, kila mtu huwa na neno. Trafiki humsimamisha pale Kimbo. Mzee wa kanisa humhesabu miongoni mwa wahuni, na makanga wa matatu iliyo nyuma humzomea anapovuka tuta kwa kunyata, upande upande. Papo hapo hupita pikapu nyingine, mkia juu, springi zimeongezwa, imesheheni mawe ya Ndarugo hadi tairi zinafura ubavuni. Hakuna anayegeuza shingo. Hilo, tunasema, ni gari la kazi.

Mimi nasema magari hayo mawili yamefanyiwa jambo lile lile, na ikiwa kuna moja la kuogopwa zaidi, ni hilo tunaloliacha lipite.

Tuanze na jinsi pikapu inavyosimama. Mbele, Hilux au D-Max ya miaka hii ina koili. Zile zilizotangulia zina ufito mnene wa chuma unaojisokota, na fundi huzishusha kwa kulegeza bolti tu. Nyuma kuna springi za majani, jani juu ya jani, zimebanwa kwenye ekseli kwa bolti za umbo la U. Ikiwa tupu, pikapu huinua mkia kidogo, na wengi hudhani ndivyo ilivyoumbwa, au wanaiona mbaya. Kumbe ule mwinuko ni nafasi ya mzigo. Ni kama sare ya shule inayonunuliwa kubwa kidogo: haikukosewa kipimo, inamsubiri mtoto. Ukipakia, mkia hushuka, gari hukaa sawa, na springi bado zina pa kuchezea zikikutana na shimo.

Anayeshusha gari huitumia nafasi hiyo yote kabla hata ya kupakia gunia moja. Njia ziko nyingi, na jua kali ya Thika inazijua. Kuna kuchomoa majani mawili matatu ya springi. Kuna kukata koili za mbele. Kwa pikapu ambazo springi zake hupita chini ya ekseli, fundi huweka kipande cha chuma kati ya viwili hivyo na mwili wa gari unashuka. Kwa zile ambazo springi hukaa juu ya ekseli, huvunja mpangilio mzima na kuipandisha ekseli juu ya springi, nalo gari huanguka chini kwa kishindo kimoja.

Hapo ndipo fundi hutofautiana na fundi. Anayejua kazi yake anafahamu kwamba ekseli iliyopandishwa itagonga fremu kwenye tuta la kwanza, kwa hiyo hukata fremu umbo la mwezi mchanga juu ya ekseli, kisha akachomelea chuma kingine cha kuitia nguvu. Hutafuta shoki fupi, kwa sababu zile za zamani zitafika mwisho wa safari yake kabla gari halijatikisika. Hupeleka gari kwenye alaimenti, hurekebisha taa za mbele, hutazama boljointi zimekaa pembe gani. Koili haikati kwa moto wa gesi, maana chuma cha springi kikipashwa moto ovyo hupoteza ule ugumu kiliopewa kiwandani. Fundi wa haraka huwasha gesi, na kabla ya chai ya saa nne gari limelala na mwenyewe amekwishalipa.

Sasa twende kwa yule wa pili, mbeba mawe. Mji wa Ruiru ulikuwa na watu takribani 240,000 katika sensa ya 2009. Sensa ya 2019 ilikuta takribani 490,000. Watu hao wanahitaji nyumba, nyumba zinahitaji mawe, na mawe yanatoka kwenye machimbo ya Juja na Ndarugo, hapo jirani. Lori huleta mzigo mkubwa. Mwenye ploti ya futi hamsini kwa mia, anayejenga chumba kwa chumba, huagiza pikapu. Na mwenye pikapu, ambaye hulipwa kwa safari, ana sababu zote za kufanya safari mbili ziwe moja. Huenda kwa fundi wa springi, akaongezewa majani mazito yaliyotolewa kwenye lori lililokufa. Kuanzia siku hiyo gari halishuki tena likibeba, naye huona limepona.

Mwenzake ni yule wa miraa, anayetoka Maua akipitia Meru, Embu, Makutano na Kenol, akaingia Thika Road kama anayefukuzwa. Miraa ikilala siku mbili bei imekufa, na mwaka 2022 soko la Somalia lilipofunguliwa tena, mbio zilirudi palepale. Hilux yake nayo imeinuliwa nyuma. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, inampa takribani kilomita hamsini za lami pana za kujaribia bahati yake na yetu.

Ukitaka kujua kwa nini nayaweka magari haya kwenye kapu moja, lala chini ya Hilux ya miaka iliyopita kidogo, karibu na difu. Kwenye nyingi utaona kijiti chembamba cha chuma kinachotoka kwenye ekseli na kupanda hadi kwenye valvu ndogo iliyofungwa kwenye fremu. Ile valvu ndiyo hugawa breki za nyuma. Haijui kilo. Inajua umbali tu. Fremu ikikaribia ekseli, valvu husema: gari limebeba, na kuruhusu oili ya breki ipite kwa nguvu kwenda magurudumu ya nyuma. Fremu ikiwa mbali, husema: gari ni tupu, na kuipunguza, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge yakaanza kuteleza.

Shusha gari bila kugusa kijiti hicho, na valvu itaamini limebeba wakati halina hata toroli. Siku ya mvua, ukikanyaga breki kwa ghafla, magurudumu ya nyuma yanajifunga na mkia unakuja mbele kukutazama. Hilo ni kosa la kijana wetu.

Inua gari kwa springi za lori, na mambo yanapinduka. Umepakia mawe, lakini springi zimekataa kushuka. Valvu inapima umbali, inaona fremu iko mbali, inaamua gari ni tupu. Breki za nyuma, zilizopaswa kusaidia kuzuia uzito wote ule, zinapewa oili kidogo. Kazi yote inaangukia breki za mbele, zinapata moto, na dereva anashangaa kwa nini gari lililokuwa linasimama vizuri likiwa tupu sasa halimsikii. Nimeona kijiti hicho kikiwa kimefungwa kwa waya wa nondo, kwa sababu fundi alipoinua gari hakikufika tena, na hakuna aliyejiuliza kilikuwa pale kwa kazi gani.

Magari mapya zaidi yana kompyuta inayogawa breki yenyewe, na hayana kijiti. Lakini pikapu nyingi zinazotafuta riziki kati ya Makongeni na Githurai si mpya.

Nitaambiwa, mwenye mawe analisha watoto, huyu mwingine anajipamba. Ni kweli, nami sina ugomvi na riziki. Ila breki haiulizi nia ya dereva. Wala kujipamba si dhambi ya kigeni katika mji huu. Thika inaunda magari tangu Leyland Kenya ilipoanzishwa mwaka 1974, kiwanda tunachokiita leo KVM. Mji uliofundisha vijana kuunganisha magari usishangae wajukuu wao wakitaka kuyaumba upya. Kule Afrika Kusini, Nissan 1400, nduguye mdogo wa ile Datsun 1200 ambayo baba zetu waliendea sokoni, iliundwa mpaka 2008, na kuishusha ni ufundi wenye heshima na mashindano yake.

Shida yetu iko kwenye namna tunavyopima. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, katika kifungu cha 55, inataka gari na sehemu zake zote ziwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara. Maneno hayo ni mazuri na ni mapana, na upana huo barabarani hujazwa na jicho la askari. Jicho huona kilicho tofauti. Pikapu iliyolala ni tofauti, kwa hiyo inasimamishwa. Iliyoinuliwa ni ya kawaida, kwa hiyo inapungiwa mkono.

Jimbo la California, Marekani, lilikumbana na vijana wa namna hii zamani. Kuanzia 1958 sheria yao ilikataza sehemu yoyote ya gari kushuka chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Sababu yake inaeleweka hata na mtoto: tairi ikipasuka, gari likae juu ya rimu, lisikae juu ya bomba la breki au tangi la mafuta. Mwaka uliofuata mpenzi wa magari mmoja wa huko, Ron Aguirre, alilifunga gari lake la Corvette mitambo ya oili ya kulipandisha na kulishusha, sheria ikitazama liko juu, ikigeuka liko chini. Mjanja hakosi njia. Lakini hata kwa ujanja huo, askari alikuwa na kitu cha kupima, na dereva alijua kosa linaanzia wapi.

Nasi tungeweza kufika hapo bila sheria mpya nyingi. Pikapu ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Mkaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, aitazame valvu hiyo na kijiti chake kwa kila pikapu iliyoguswa springi, iwe imepanda au imeshuka, na akikuta waya wa nondo asitie sahihi. Fundi wa springi aandike kwenye risiti alichotoa na alichoongeza. Fundi aliyefaulu mtihani wa ufundi wa NITA hatapoteza kitu, na mteja atapata cha kumwonyesha mtu wa bima kabla ya ajali badala ya kubishana naye baadaye. Bima hutaka kuambiwa gari limebadilishwa, na mkadiriaji wa hasara anajua kuhesabu majani ya springi.

Wakati tunasubiri hayo, mwenye pikapu anaweza kujikagua kwa tepu ya fundi mwashi. Gari likiwa tupu, pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa madigadi. Pakia mzigo wako wa kila siku, pima tena. Ukikuta mkia haujashuka hata upana wa vidole viwili, springi zako zinaidanganya breki, na gari lako la kazi ni hatari kuliko lile unalolicheka. Rudi kwa aliyekuongezea majani, umwambie ayapunguze, nawe upunguze mawe.