CHIPSI HAZIKUJILETA MOKOWE



Simama jeti ya Mokowe mchana, saa ambazo mabasi ya Mombasa yashusha abiria wa kuvuka kwenda Amu na watoto watoka shule. Watazame mikono. Huyu ana chipsi, zimelowa sosi nyekundu mpaka karatasi yachanika. Yule ana soda. Mdogo wao afyonza barafu ya kijani, kijani ambacho hakuna tunda lililowahi kukivaa. Sasa mtafute mtoto mwenye kipande cha samaki. Hapa, ukingoni mwa bahari.

Twaambiwa unene wa watoto ni shida ya wenye pesa, ya Nairobi na Nyali, ya watoto wanaopelekwa KFC kwa gari. Ni kweli KFC iko Kenya tangu 2011, na Januari 2022 viazi vyake vilipochelewa kufika (kumbe vyatoka Misri!) nchi nzima ilipiga kelele. Lamu hakuna KFC. Lakini chakula cha haraka hakihitaji jengo la vioo. Chahitaji karai, mafuta yaliyorudiwa mpaka yakawa meusi, gunia la viazi lililokuja kwa lori, na friji nyekundu ambayo kampuni ya soda humpa mwenye duka aiweke mlangoni, ikitazama njia ya shule. Jiulize jambo dogo tu: friji ya soda yafika hadi duka la mwisho kijijini, mvuvi naye azunguka na ndoo akitafuta barafu samaki wake wasioze. Nani kapanga hivyo?

Na sisi nasi tuna letu. Mtoto akijaa mashavu twasema mashaallah, kanona, kwao kuna neema. Akiwa mwembamba mamake atasemwa arusini. Basi mtoto wa miaka minane akihema kwa kupanda ngazi za jeti, hakuna anayeshtuka. Wenzake ndio humwita bonge na tipwatipwa, arudi nyumbani alie, apewe soda anyamaze. Tusielewane vibaya hapa: hatumwandami mtoto. Mtoto hakununua friji, hakuchimba bahari, hakutoa leseni. Anayemcheka amelenga mtu asiye.

Kliniki nako, kile kijitabu cha mama na mtoto chafuatilia uzito hadi miaka mitano, kisha mizani yaishia hapo. Na ule mkanda wa kupima mkono uliundwa kumtafuta mtoto aliyekonda, si aliyenona. Kwa hiyo mtoto wa darasa la pili aweza kuongezeka kilo mwaka baada ya mwaka pasi na mtu mwenye koti jeupe kumwambia mzazi neno.

Kuna atakayesema: nyinyi mna wazimu, Lamu ina ukame na njaa, mwazungumzia unene? Swali la haki, tulijibu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Uchunguzi ule ule ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Nchi moja, mara nyingi nyumba moja: mtoto kadumaa, mama kanenepa, na sufuria ni ile ile. Chakula kinachojaza tumbo bila kujenga mwili chaweza kufanya yote mawili. Septemba 2025 UNICEF ilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza duniani, watoto wa umri wa kwenda shule na vijana wenye unene wa kupindukia wamewapita wale wenye uzito pungufu, asilimia 9.4 kwa 9.2. Afrika kusini mwa Sahara bado haijafika hapo. Bado. Maana yake ni kwamba sisi tungali na nafasi ya kuzuia mlango, wenzetu wamebaki kufukuza mwizi aliye ndani tayari.

Tufanye hesabu ya chupa moja. Soda ya nusu lita ina gramu hamsini na kitu za sukari, yaani vijiko vya chai kama 13. Shirika la Afya Duniani lasema sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ambayo mtu apata kwa siku, na ikiwa nusu ya hapo ni bora zaidi. Kwa mtoto wa miaka saba, hiyo sehemu moja ya kumi ni kama vijiko 10. Chupa moja imeshavuka mpaka, hajala chipsi, hajanywa chai ya jioni. Wangapi kati yenu mwaliona hilo limeandikwa kwenye chupa kwa namna ambayo mama asiye na muda, au asiyejua Kizungu, aweza kulisoma? Ibara ya 46 ya Katiba yampa mnunuzi haki ya kupata habari za kutosha kuhusu anachonunua. Herufi za ukubwa wa sisimizi si habari.

Sasa tuje kwenye lile linalotuuma zaidi, kwa sababu watu wapenda kumaliza mjadala huu kwa kusema “kina mama wa siku hizi wavivu wa kupika.” Haya. Mama wa Mokowe apike nini?

Apike samaki? Kwa miaka mingi wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku kwa sababu ya usalama, na mvuvi yeyote atakwambia usiku ndio saa ya kazi. Kisha ikaja bandari. Pale Magogoni, upande wetu huu huu wa bara, mlango wa bahari ulichimbwa meli kubwa zipite, na gati ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021 kwa ngoma na hotuba. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeshasema wazi kwamba mradi ule ulikiuka haki za wenyeji, ikaamuru wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Wakazungushwa. Rufaa, vikao, orodha, kamati, orodha tena. Katika miaka hiyo ya kuzungushwa, mtoto aliyekuwa darasa la kwanza amefika sekondari. Alikula nini kila mchana? Hakuna aliyemuuliza, wala haikuwa kwenye ile tathmini ya athari za mazingira.

Na wakati samaki wakisogezwa mbali, barabara ilisogezwa karibu. Lami ya kutoka Garsen imefika, alhamdulillahi, mgonjwa afika Mombasa haraka, hilo hatulikatai. Lakini lori lililobeba mgonjwa halipo. Lililopo limebeba katoni. Biskuti, noodles za pakiti, unga wa juisi wenye picha ya embe usio na embe ndani. Embe lenyewe laoza Hindi kwa kukosa mnunuzi msimu ukijaa. Simsim na korosho zalimwa kaunti hii hii, zapakiwa magunia zaenda zao, nasi twarudishiwa kripsi.

Halafu bei. Mtoto akiwa na shilingi hamsini kibandani apata chipsi na ashiba mpaka Magharibi. Kwa hamsini hiyo hiyo mamake hapati changu wa kutosha hata mchuzi. Maji? Visima vingi vya kaunti hii vina chumvi. Mtoto mwenye kiu asiyepata maji ya tamu shuleni, ukamwekea soda baridi ng'ambo ya njia, utamwita mlafi?

Kucheza nako. Mwaka 2014 Serikali yenyewe ilitangaza kufuta hati za kampuni 22 zilizokuwa zimejitwalia karibu ekari laki tano za ardhi ya Lamu. Ekari laki tano! Sasa uliza mtaani kwako kiwanja cha watoto, chenye hati yake, ambacho hakuna mtu atakayeamka kesho na kukiwekea nguzo na seng'enge, kiko wapi.

Kwa hivyo ukituambia uvivu wa mama, twakuomba ukae kitako kwanza.

Wala hatuitukuzi jana kupita kiasi. Mahamri yakaangwa kwa mafuta, viazi karai ni viazi karai, na halua ya Lamu ni sukari iliyosimama. Lakini halua yaliwa kipande, kwa kahawa chungu, siku yenye sababu. Hakuna mtoto aliyepewa kilo ya halua aende nayo shule kila asubuhi. Siku hizi soda iko hitimani, iko arusini, iko kwenye mkutano wa mwanasiasa, iko hadi kwenye kikao cha semina ya lishe. Twacheka, lakini ni kweli.

Na mama wa chipsi? Yeye si adui. Pengine ni mjane, asomesha kwa lile karai. Atakayekuja na askari wa kaunti amwage mafuta yake chini aseme anapigana na unene, huyo tutapambana naye sisi. Kibanda kile kile chaweza kuuza muhogo wa nazi, mbaazi, mahindi ya kuchoma, samaki akipatikana kwa bei ya binadamu. Yeye auza kinachonunulika na kinachomfikia. Bishana na wanaopanga nini kimfikie.

Wanaopanga hawako mbali, ofisi za kaunti ziko hapa hapa Mokowe. Soma Katiba, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili. Leseni na udhibiti wa biashara zinazouzia umma chakula: kaunti. Matangazo ya barabarani: kaunti. Elimu ya chekechea: kaunti. Hayahitaji Nairobi. Bunge la Kaunti ya Lamu laweza kupitisha sheria kwamba hakuna bango la soda wala friji yenye nembo karibu na shule na chuo, na kwamba kila chekechea ya kaunti iwe na maji ya kunywa na uji kabla ya kitu kingine chochote. Ibara ya 53 yasema kila mtoto ana haki ya lishe ya msingi. Haikusema kila mtoto wa Nyali.

Msidhani ni ndoto. Wangapi tuna ndugu Maskati, Jeddah, Dubai? Waulizeni. Huko watoto walinenepa, sukari ikaingia nyumba hadi nyumba, na hizo si nchi zinazochukia biashara. Saudia na Imarati ziliweka ushuru wa asilimia 50 kwenye soda mwaka 2017, Oman ikafuata 2019. Chile mwaka 2016 iliweka alama nyeusi kwenye pakiti zenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi, ikaondoa katuni za kuwavutia watoto, ikazitoa bidhaa hizo shuleni. Kampuni zililalamika. Zikabandika alama.

Basi, ndugu msomaji, lako wewe ni hili. Makadirio ya bajeti ya kaunti lazima yafike bungeni kabla ya Aprili kwisha, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Usiende kusikiliza tu. Simama uulize: maji ya shule yametengewa kiasi gani? Uji wa chekechea? Nyumba za barafu za wavuvi? Viwanja vya watoto vipi vimesajiliwa, na hati iko kwa nani? Wasipojibu, andika barua. Sheria ya Upataji Habari ya mwaka 2016 yaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Iandike kwa Kiswahili, ipeleke mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri wa tarehe kabla hujatoka mlangoni. Siku ya 22 tuletee hiyo nakala.